Baba, Shamba na Mtoto Aliye Tumboni

Wengi wetu tumekwisha kukaa katika baraza ya jamaa ambapo baba ameuzisha kiwanja bila kuambia mtu, na watoto wanapata habari siku mnunuzi anafika na mafundi wa kujenga ukuta. Ulizo ni lile lile: kilikuwa chake, ao chetu sisi wote? Wahindu kule India walibishana juu ya ulizo hilo karne nyingi, na kwa maandishi.

Majibu yao ni mawili. Huko Bengali walifuata Dayabhaga, kitabu cha Jimutavahana: baba akiwa hai, mali ni yake, watoto wanangojea kifo chake. Karibu pengine pote walifuata Mitakshara ya Vijnaneshvara, yenye miaka karibu 900. Hapo mtoto mwanaume anapata fungu katika mali ya mababu tangu kuzaliwa. Hata aliye tumboni anahesabiwa: baba akiuzisha bila sababu ya haki, mtoto yule akizaliwa anaweza kuvunja mauzo kwenye tribinali. Tusikilizane lakini: kile baba amepata kwa jasho yake mwenyewe, anakiuzisha anavyotaka.

Basi sababu ya haki ni nini? Ugonjwa, chakula, ndoa ya binti, mazishi, kodi ya serikali. Tena mzigo haukuwekwa juu ya baba peke yake. Mwaka 1856, baraza kuu la rufaa huko London lilihukumu kesi ya mama aliyeweka rehani mali ya mtoto wake mdogo. Likasema mwenye kukopesha alazimike kuuliza kwanza: shida iko kweli? Akiuliza kwa moyo safi, analindwa, hata kama falanga zinatumiwa vibaya nyuma. Kanuni hiyo ikashika na kwa baba mwenye kuuzisha. Hapo ndipo tunawapa heshima, sababu kwetu mnunuzi anauliza bei tu, na siku ya palabre anasema hakujua kitu.

Lakini sheria ile ile ilikuwa na tundu. Mtoto alilazimishwa na dini kulipa deni za baba yake. Kwa hiyo baba aliweza kuuzisha shamba la mababu kwa kulipa deni yake ya zamani, isipokuwa deni ya aibu kama ya kamari. Sasa fungu la kuzaliwa lina maana gani, kama baba anaweza kulila kwa kukopa leo na kuuzisha kesho? Sisi tunaona hapo haki ya mtoto ilikuwa ya mdomo tu. India yenyewe iliondoa kifungo hicho kwa deni mpya tangu tarehe 9 Septemba 2005.

Sheria hiyo ya 2005 ilileta na jambo kubwa kupita. Karne zote hizo mtoto aliye tumboni, akiwa mwanaume, aliweza kuvunja mauzo ya baba. Dada yake mkubwa, aliyelima shamba lile na kuchota maji yake, hakuweza kusema neno. Tangu siku ile binti naye ana fungu la kuzaliwa. Kukabaki ubishi: ni lazima baba yake awe alikuwa hai siku ile? Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya India, katika kesi ya Vineeta Sharma, ilijibu hapana. Mauzo yaliyofanywa kabla ya Desemba 2004 lakini hayakuguswa, na binti ambao shamba lilikwisha kwenda wakati huo walibaki mikono mitupu.