Deni la Aliyekufa Vitani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu wa pwani, abiria apandaye meli Mwanza jioni kwenda Bukoba huvuka Ziwa usiku kucha; na huko ng'ambo, katika wilaya ya Muleba, pana mahali paitwapo Kaboya. Hapo wamezikwa mamia ya askari wa Tanzania waliokufa katika vita vya Kagera, na umesimamishwa mnara wa kuwakumbuka. Majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini mwisho wa Oktoba 1978, yakaua raia na kuvunja daraja la Kyaka; na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatwaliwa. Mwanza nayo ilionja: mwezi wa Machi 1979 ndege ya Libya, msaidizi wa Amin, ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama.

Wako waulizao kama mnara wajuzu. Wanavyuoni wana maneno mengi katika hilo, nami sikushikia kalamu hilo. Nauliza: maiti wamfaa nini? Jiwe halimwombei mtu, wala halimlipii.

Abdallah bin Amr bin Haram, babake Jabir, aliuawa Uhud akaacha mabinti na deni. Wadai wakamkabili Jabir wakati wa kuvuna tende, wakakataa kupunguza. Mtume hakumwambia, "Babako ni shahidi, deni limekwisha." Alikwenda mwenyewe shambani, akaketi penye tende, wadai wakapimiwa hata wa mwisho, na tende zikabaki. Na imepokewa katika hadithi sahihi kwamba shahidi husamehewa kila dhambi ila deni. Ikiwa shahidi ni hivyo, na hawa nia zao azijuaye ni Mungu peke yake, sisi twategemea nini?

Basi wewe ambaye baba yako au ami yako alikwenda Kagera asirudi: alichokopa dukani nani amekilipa? Mahari aliyobakiza? Na minazi yake, mabinti zake walipewa fungu lao, au nyinyi wanaume mmeila miaka yote hii, na kila tarehe 25 Julai mwasikiliza baragumu kwa huzuni?

Daftari la zamani na lifunguliwe. Mdai akiwa amekufa, alipwe mrithi wake. Asipojulikana, itolewe sadaka kwa niaba ya mwenye haki.