JUMATANO: Usingizi Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1-8. Eliya amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ameingia jangwani peke yake, na sasa anaomba afe. Angalia Mungu anaanzia wapi. Hamkemei. Anamwacha alale, malaika anamgusa, naye anakula, anakunywa, analala tena. Maswali yanamngoja Horebu, siku arobaini mbele.

Mwanafunzi wa chuo kikuu aliye macho saa nane za usiku, simu mkononi, mara nyingi huambiwa aombe zaidi. Aombe, naam. Lakini huenda anachohitaji kwanza ni usingizi. Kurasa za mitandao ya kijamii zimetengenezwa zisiwe na mwisho: kidole kinasukuma, picha za wenzake wenye furaha zinazidi kuja, na mwanga wa skrini unauchelewesha usingizi. Kunapokucha huzuni ni ile ile, tena na uchovu juu yake. Simu izimwe, ikae mbali na mto. Huzuni isiyoisha ipelekwe kwa mshauri wa wanafunzi au daktari (hata malaika alikuja mara mbili), na anayesema afadhali afe asiachwe peke yake.

Katika kundi lenu, ni nani anayehitaji kupewa chakula kabla ya kupewa ushauri? Nani atakwenda kwake wiki hii?