Safu ya Jioni

Kadi yenyewe imekunjwa mara nne, na kwenye mikunjo karatasi imeanza kutoboka. Ni kadi ya maziwa. Mfugaji yeyote wa pande za Molo aliyewahi kupeleka maziwa kwenye chama cha ushirika anaijua: safu ya tarehe, safu ya asubuhi, safu ya jioni, na mahali pa karani kutia sahihi. Shosho aliyenionyesha anaishi Pipeline, ukitoka Nakuru kuelekea Gilgil, na kadi hiyo anaiweka ndani ya Biblia. Desemba ya 2007 imejazwa kwa kalamu ya buluu: lita saba, lita nne, lita saba, lita tano. Mstari wa mwisho ni wa tarehe 30. Asubuhi, lita saba. Safu ya jioni haina kitu.

Jioni ile ndipo matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa. Ng'ombe alikuwa hajakamuliwa.

Nimeisoma ripoti ya Tume ya Jaji Philip Waki kuhusu ghasia zilizofuata, iliyotolewa Oktoba 2008. Inasema waliouawa walikuwa 1,133, na kati yao 744 walifia katika mkoa wa Bonde la Ufa. Waliofukuzwa makwao, kwa hesabu ya serikali, walizidi 600,000. Naiheshimu kazi hiyo sana. Bila watu walioketi siku baada ya siku wakisikiliza ushahidi, leo tungekuwa tunabishana kama kuna aliyekufa. Hata hivyo, tangu niishike kadi ile nimekuwa nikijiuliza ni wapi katika vitabu vyetu pameandikwa lita nne za jioni, ambazo hazikukamuliwa siku ile wala siku yoyote iliyofuata.

Shosho anasema siku ya kuandikishwa kama mkimbizi aliulizwa jina, nambari ya kitambulisho, watu wangapi nyumbani, na kama nyumba iliungua. Alijibu, akasogea, aliyekuwa nyuma yake akaingia. Baadaye zikaja shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na waliochomewa nyumba wakaahidiwa 25,000 za kujenga. Kuna waliokusanya zile elfu kumi zao pamoja wakanunua kipande cha ardhi, wakagawana viwanja vyembamba kiasi kwamba jirani akikohoa unamsikia. Mtu aliyelima ekari tatu za viazi na pareto sasa anapanda sukuma wiki ndani ya gunia.

Shosho angalau aliandikwa. Zaidi ya watu 300,000 hawakukaa kambini. Walipokewa na jamaa au wakapanga chumba katika mji mwingine. Nilizungumza na mzee mmoja, fundi viatu, aliyetoroka mtaa wa Kaptembwa hapa Nakuru Januari 2008 na kwenda kwa shemeji yake upande wa Kericho. Hakuwahi kulala kwenye hema, basi kwa macho ya wengi hakuwahi kuwa mkimbizi. Miaka minne watu tisa walilala vyumba viwili. Shemeji hakusema neno, lakini mzee anasema alijifunza kula polepole, ili watoto wa mwenye nyumba washibe kwanza. Gharama hiyo imebebwa na nyumba za watu wa kawaida, na hakuna aliyewaomba risiti.

Nimemtaja mzee huyu kwa makusudi. Shosho na yeye ni wa jamii mbili ambazo Januari ile zilikuwa zikikimbiana. Nakuru ilikuwa na kambi ya Uwanja wa Maonyesho na kambi ya Uwanja wa Afraha, ndani ya mji mmoja, na mtu aliyekuwa huku aliogopa kufika kule. Barabara ya mtaa uliyoivuka kila siku kwenda dukani iligeuka mpaka kwa usiku mmoja. Hakuna jiwe lililowekwa, hakuna ramani iliyochorwa, lakini kila mtoto aliujua.

Mipaka ya aina hiyo bonde hili linaijua tangu zamani. Mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa malishoni mwao kandokando ya Naivasha na Nakuru ili walowezi wapate nafasi. Molo iliwaka 1992. Oktoba 1993 maelfu walifukuzwa Enoosupukia wakateremka hadi kambi ya Maella, na Desemba 1994 wengine wakapakiwa kwenye malori usiku na kuondolewa hata pale. Tarehe 27 Januari 2008, Naivasha, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja, na walikuwemo watoto. Kila jamii hapa ina tarehe yake inayoikumbuka kwa uchungu, na nyingi hazizijui tarehe za wenzao.

Hapo ndipo ninapoona hatari ya kazi hii ya kuandika. Anayeandika machozi ya upande mmoja peke yake anaweka akiba ya kuni. Nimesikia orodha za wafu zikisomwa kwenye mikutano ya siasa, majina ya kweli ya watu waliokufa kweli, na zikawatia watu hasira badala ya huzuni. Kwa hiyo nimejiwekea desturi: siku nikimsikiliza wa huku, silifungi daftari kabla sijamtafuta wa kule. Na siulizi kwanza nani alikufukuza. Nauliza siku yako ilianzaje, nani aliamka mapema, mlikunywa nini. Watu hunyamaza kidogo, kisha huanza kueleza jiko lilikuwa upande gani wa nyumba.

Inachukua muda. Mara ya kwanza shosho alinipa chai tukazungumzia mvua tu. Kadi ya maziwa niliiona mara ya tatu.

Nilipofunga daftari aliniuliza nimeandika nini, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitaka nilifute jina lake. Mmoja wa vijana waliochoma nyumba yake, sasa baba wa watoto, huleta viazi soko lile lile wanakonunulia wajukuu zake, nao husalimiana. Hakutaka kuiharibu salamu ile. Nikalifuta mbele yake, nikamwonyesha ukurasa.

"Langu liache," akasema. "La ng'ombe andika. Aliitwa Baraka. Na uandike kwamba alikuwa na mimba ya miezi saba."