Haki ya Mtu wa Nne

Katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Ben Johnson wa Kanada alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79. Siku tatu baadaye alinyang'anywa dhahabu, kwani mkojo wake ulikutwa na dawa ya kuongeza misuli. Wapo wanaomtetea kwamba wengi walitumia. Hoja hiyo hainiingii akilini. Dhuluma haigeuki kuwa haki kwa sababu wanaoitenda ni wengi. Calvin Smith wa Marekani alimaliza wa nne, ndipo akapewa shaba. Lakini ile saa ya kusimama jukwaani mbele ya umati, nani atamrudishia? Anayekula dawa humdhulumu mwenziwe aliyeinama kando yake, wakingoja bastola ilie.