Gari Lililotukia Mara Tano

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata likiwa baya kwa sura na zito kwa mwendo. Wahandisi wakaunda matano. Gari hilo, Nyayo Pioneer, lenye uwezo wa kukimbia kilomita 120 kwa saa, likazinduliwa mwaka 1990. Shirika la Nyayo Motor likaundwa ili magari hayo yatengenezwe kwa wingi, lakini fedha zikakosekana. Barabara ya Mombasa inayopita mji wa Voi ikaendelea kubeba magari ya wenzetu.

Je, Pioneer liliwahi kuwepo?

John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika wakati huumbwa na matukio: kuna Sasa na kuna Zamani, na jambo lisilotukia halina wakati. Wengi walimpinga, hasa kuhusu mambo yajayo, na walikuwa na haki. Hapa, hata hivyo, anasaidia. Magari matano yalitukia, yakawashwa, yakaendeshwa. Kisichotukia ni kiwanda.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, angeanzia kwenye chuma kilichokwisha kutolewa katika mawe ya Kishushe, huko Taita, na kusema kwamba ndani yake mna uwezekano wa gari. Sawa, ila uwezekano huo hauamshwi na fundi mmoja, awe hodari namna gani.

Tazama gari aina ya Probox linalotoka steji ya Voi kuelekea Mwatate na kupanda mpaka Wundanyi. Gari hilo linaishi kwa sababu ya duka la spea, fundi wa gereji, dereva anayezijua kona za mlima, hata Probox nyingine iliyokufa ikatolewa vyuma. Ondoa hao wote, nalo litabaki bati tu. Kuwepo kwa mashine ni udugu.

Wataita wa kale walilielewa hili kwa upande wa binadamu. Mafuvu ya wahenga yaliwekwa katika mapango ya miamba, na ukoo ulikwenda huko kuomba mvua na afya. Mhenga aliendelea kuwa mtu maadamu alikuwa na watu.

Kwa hiyo ni kosa kuwalaumu wahandisi wa 1986 kwamba waliota. Walizaa, taifa ndilo lililokosa kumpa mtoto jamaa. Shirika la Nyayo Motor liligeuka kuwa Numerical Machining Complex, kiwanda cha Nairobi kinachochonga vipuri vya mashine za watu wengine.