Nyayo na Vifundo

Katika sura ya 3 ya Matendo ya Mitume yupo kiwete aliyebebwa kila siku na kuwekwa penye mlango wa hekalu ulioitwa Mzuri. Petro alimshika mkono wa kuume, akamwinua. Luka, ambaye Paulo anamtaja kuwa tabibu, hakuridhika kusema tu kwamba mtu yule alipona: alitaja nyayo, akataja na vifundo vya miguu. Leo tukae hapo kwenye vifundo, kwa ajili ya ndugu zetu wenye kisukari.

Kuhusu vidonda vya miguu tunaonywa sana. Kano ya kisigino, ile inayounganisha shavu la mguu na kisigino, haitajwi. Sukari ikikaa juu miaka mingi hujishikiza kwenye nyuzi za kano na kuzifunga pamoja, kano ikanenepa na kukakamaa. Kifundo hakikunjiki vizuri tena, kisigino huinuka mapema, na uzito wa mwili huelemea mbele ya wayo, karibu na vidole. Ikiwa na ganzi imeshaingia, mtu hukanyaga panapochubuka naye hajui. Wapo ambao kidonda chao hakikufunga mpaka kano ikarefushwa kwa upasuaji.

Hata mikono hupatwa. Mtu hukutanisha viganja kwa sala, vidole visigusane. Mwenye kisukari akiona hivyo asisingizie uzee, amwambie daktari.

Alhamisi Kuu tunaoshana miguu kanisani, na wanaojitokeza ni wenye miguu mizima, tena wameisugua nyumbani. Mwenye kidonda hubaki benchi la nyuma na soksi zake. Jambo hili linaniuma sana, kwa kuwa mitume walioshwa miguu ikiwa na vumbi lake.

Basi wiki hii mkalishe baba, au bibi, penye mwanga. Tazama nyayo, visigino, katikati ya vidole. Mwambie anyooshe goti, avute vidole vya mguu kuelekea kwake. Kifundo kikigoma, au ukiona sugu nene, mpangie siku ya kliniki. Ukikuta lengelenge, kidonda au joto upande mmoja, usingoje: mpeleke mara moja. Mazoezi ya kunyoosha ayapate kwa mtaalamu, hasa kama ana kidonda. Tutamwombea, na dawa asiache.

Wako wanaoishi peke yao, wasio na wa kuwatazama nyayo. Viongozi wa jumuiya, nileteeni majina yao kabla ya Jumapili.