Kazi Isiyo na Mshahara

Wapenzi wakatekumeni, wazee wa Lubumbashi wangali wanakumbuka salongo ya miaka ya 1970: serikali ya Mobutu iliwalazimisha raia kufanya kazi za umma bila malipo, na asiyekwenda aliweza kuadhibiwa. Leo jumuiya zetu za Kikristo huwatembelea wagonjwa na kuwalimia wajane mashamba, nazo hazilipwi. Je, tofauti ni nini? Jembe ni lile lile, jasho ni lile lile; moyo ndio tofauti. Basi, amlimiaye mjane ili katekista aandike jina lake, huyo angali katika salongo. Ubatizo si mshahara wa jembe; ni zawadi. Naye aliyepewa bure hutoa bure, hata pasipo mtu wa kumwona.